Ghala la Viazi

Profesa Emerensiana, mkuu wa chuo, aliomba aingie kwanza peke yake katika ghala la viazi lililokuwa libomolewe kupisha maktaba. Nje, katapila lililotoka Makambako lilikuwa likinguruma.

Humu ndimo chuo kilimoanzia, miaka ishirini iliyopita, na wanafunzi thelathini na mmoja. Kila asubuhi baridi ya Njombe iliwafanya wapige miguu chini, naye aliwaacha mpaka wapate joto, ndipo ashike chaki. Saruji ililika kwa visigino vyao. Aliinama akapitisha kiganja katika kishimo kimoja. Kilikuwa laini kama bakuli.

Alipotoka, mhandisi alikuwa amevua kofia. Naye alikuwa mmoja wa wale thelathini na mmoja.

“Mama, tusilibomoe. Maktaba tuijenge kule bondeni.”

“Bondeni maji yanatuama. Wewe mwenyewe ulipima.”

“Basi mimi siwezi kutoa amri hiyo, Mama.”

Emerensiana alimtazama, akamwona tena kijana aliyetetemeka ndani ya sweta la kuazima. Akavua koti lake, akaokota nyundo kubwa ya mafundi.

“Nishikie hili koti,” alisema, na pigo la kwanza akalipiga yeye.