Mkwe wa Kilima cha Pili

Nyuki walikuwa hawawezi tena kuvuka kutoka kipande kimoja cha msitu hadi kingine, kwa hiyo kila mti ulipewa mwenzake wa kilima cha pili, na familia zinazoitunza zikawa wakwe. Kila msimu wa maua, bahasha ya chavua ililetwa na droni juu ya barabara na mabati ya mji.

Mwaka huu ilichelewa. Maua yalikuwa yamebakiza siku moja tu kabla ya kunyauka.

“Bwana harusi ana maringo huyu!” mama alisema, tayari yuko juu ya ngazi na brashi yake. “Hebu lete, Mghoi.”

Mghoi akaifungua bahasha. Chavua ya mkwe huwa nyekundu kama vumbi la matofali. Hii ilikuwa ya manjano, imepauka. Akainusa.

“Mama, hii ni ya mahindi. Wametukung’utia mbelewele.”

Mama akainama kwenye ngazi, akachungulia ndani.

“Basi mti wao umekufa,” akasema. “Wameona haya kutuambia.”

“Si tutatafutiwa mwingine?”

“Mwingine uko wapi? Ya aina hii ilibaki miwili tu, wetu na wao.”

Akachovya brashi, akaanza kupaka ua moja baada ya jingine, taratibu, kama miaka yote.

“Wapigie wakwe. Waambie imefika salama.”

Mghoi akapiga. Simu ikapokewa hata haijaita vizuri.

“Imefika, mama mkwe. Asanteni sana.”

Kule ng’ambo mtu akashusha pumzi.

“Haya, mwanangu. Mwaka ujao tutaituma mapema.”