Bastola Ndani ya Foronya

Sajini Wangila hakuitazama bastola kwanza. Alitazama foronya ilimofungwa: nyeupe, imetiwa wanga, mikunjo ya pasi bado imesimama.

"Mke wa askari mtoro, foronya ya pasi," alisema. "Mnalala vizuri, mama."

Alal aliusogeza mzigo mbele. Nyuma yake foleni ilifika mpaka langoni mwa kambi. Redio ya Kampala ilitangaza wiki nzima kwamba atakayerudisha silaha hataulizwa neno. Wakubwa wa jeshi jipya waliahidi hivyo mwaka wa themanini na sita. Sasa ni themanini na nane, wanaahidi tena, na waliokwenda kwa ahadi ya kwanza hakuna anayewataja.

Alikwisha kusema bastola ni ya mumewe, Ocen, wa jeshi lililoshindwa. Akataja namba ya bastola kabla kitambaa hakijafunguliwa, tarakimu zote, bila kusita. Ocen aliikariri kila asubuhi akinyoa ndevu; nyumba nzima iliijua. Wangila akafunua, akalinganisha. Ndiyo hiyo.

Akavuta daftari la silaha zilizopotea, akapitisha kidole.

"Huyu hapa. Ocen, hakufika kujisalimisha, alitoroka na bastola. Sahihi ya Kapteni Bonny, aliyepokea silaha mwaka ule."

"Alifika, afande. Nilimsindikiza mpaka lango hili, mwezi wa tatu mwaka juzi. Aliingia ameishika kwa mtutu, kama walivyoagizwa."

"Kitabu kinasema hakufika."

Wangila akanusa bastola. Mafuta mabichi. Akauliza nani ameipaka, maana silaha ya kufukiwa miaka miwili huliwa na kutu. Alal akasema si yeye. Sajini akamgeukia koplo wake, akacheka: basi mzee yuko hai, anakula, anasafisha silaha, na mama anamfulia foronya. Kule kwenye foleni, watu wawili wenye magunia marefu walianza kurudi nyuma taratibu.

Alal aliomba jambo moja tu: namba iandikwe kitabuni kwanza, kwa wino, isomwe kwa sauti. Sajini aliona ni ukaidi wa mtu aliyekwisha kunaswa. Akaandika. Akasoma. Koplo akatia sahihi ya shahidi.

Kisha Wangila akapanda juu ya benchi ili foleni yote imsikie, maana mtu hakamati mtoro kila siku, na cheo hakiji kwa kukaa kimya. Alisema mwenye nyumba ilimokuwa bastola hii ndiye anayejua Ocen alipo. Awe yeyote, leo analala jela ya Luzira, na huko hakuna foronya. Gari lilikwisha kuwashwa. Askari sita walikuwa wamepanda.

Akashuka, akamwinamia.

"Sasa tupeleke. Hii kitu umetoa wapi? Usinichezee, mama."

Alal alitazama vidole vyake, ngozi imechubuliwa na sabuni.

"Kwa Kapteni Bonny, afande. Kabatini, nyuma ya kofia zake. Mimi ndiye ninayewafulia."