Zamu ya Doto

Nusu chupa ya losheni ya kalamaini ilikuwa imekwisha, na Tadea alikuwa bado hajavuka magoti ya Rosina.

"Hapa umeruka, mama," Rosina alisema, akionyesha kifundo cha mguu kwa umakini wa mkaguzi wa shule. "Na hapa. Na hapa pia."

Tadea akarudia. Tetekuwanga ilikuwa imeingia katika nyumba yao ya Lundo siku nane zilizopita bila kupiga hodi, na tangu hapo chumba cha watoto kiliendeshwa kwa ratiba kali kama bweni. Saa mbili, kuoga maji vuguvugu ya mwarobaini. Saa tatu, kukatwa kucha. Saa nne, kupakwa dawa. Saa tano, kuvalishwa soksi mikononi, ili anayetaka kujikuna ajikune kwa adabu.

Ratiba hiyo ilikuwa na sheria moja. Rosina alitangulia kuzaliwa kwa dakika kumi, kwa hiyo yeye alikuwa Kulwa. Romanus, aliyefuata, alikuwa Doto. Mama yake Tadea, aliyelea pacha wa kwake, alimwachia agizo ambalo halikuwa na kifungu cha rufaa: Doto hagusi kitu mpaka Kulwa atosheke. Ukimtanguliza Doto, Kulwa hununa, na Kulwa akinuna huenda zake.

Tadea aliwahi kuivunja sheria hiyo mara moja, kwa kijiko kimoja cha uji. Hakupenda kuongelea kilichofuata.

Tatizo ni kwamba Rosina hakutosheka. Alitaka kupakwa, kisha kupepewa, kisha kuimbiwa wimbo wa Komunyo ubeti wa pili tu, kisha kupakwa tena. Vipele vyake kila asubuhi vilikuwa vipya, vimejaa maji, kana kwamba dawa ya jana ilipakwa ukuta. Kitu kimoja kilimfariji Tadea: Rosina hakuwa na homa. Ngozi yake ilikuwa ya baridi kama mtungi.

Romanus alilala upande wa ukutani, uso ameuelekeza kwenye tofali. Hakulia wala hakuomba chochote.

"Muone mwenzio," Tadea alimwambia Rosina. "Katulia kama mtawa."

"Mtawa gani ananuka hivyo?"

"Acha utovu wa adabu. Zamu yake inakuja."

"Inakuja tangu Jumatatu," Rosina alisema, akanyoosha mguu mwingine.

Mchana jirani yao, mama Hilda, alisimama mlangoni na kikombe cha uji. Hakuingia. Binti yake alikuwa na mimba changa, na ugonjwa ule si wa kupelekea mjamzito.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mtoto anaendeleaje?"

"Mmoja ananisumbua mpaka nachoka. Mwingine ametulia tu."

Mama Hilda aliutazama uji wake kwa muda mrefu, kama mtu aliyesahau alichokuja kufanya. Kisha akauliza, "Mumeo Joakim yupo Maguu bado?"

"Yupo, anachuma kahawa ya wajomba zake."

"Umempigia simu?"

"Nishike simu kwa mikono hii?" Tadea akainua viganja vyake, vyeupe kwa dawa iliyokauka.

"Basi nitampigia mimi," mama Hilda akasema, akakikabidhi kikombe na kuondoka haraka kuliko umri wake ulivyoruhusu.

Tadea alirudi ndani akitikisa kichwa. Kikombe kimoja kwa pacha wawili. Ukarimu wa siku hizi.

Rosina aliunusa uji, akasema ni wa moto, ukae kwanza. Ukakaa. Akasema sasa umepoa. Chini ya shuka mkono wa Romanus ulijitokeza, ukatambaa taratibu kuelekea kikombe. Tadea akaushika. Ulikuwa unaunguza.

Akasita, mkono ule umo kiganjani mwake. Akaanza kukiinua kikombe.

"Mama," Rosina akasema, kwa sauti ndogo ambayo hakuitumia mara nyingi. "Nitaenda."

Tadea akakiweka kikombe chini. Akaurudisha mkono wa Romanus ndani ya shuka, akaufunika vizuri. "Subiri, baba. Dada yako bado."

Joakim alifika kesho yake kabla ya saa sita, kwa lori la mahindi, buti zake zikiwa bado na udongo mwekundu wa milimani. Alimkuta mkewe amepiga magoti kando ya kitanda, anakamulia tone la mwisho la chupa kwenye pamba.

"Dakika moja, baba Kulwa," Tadea akasema bila kugeuka. "Tunamalizia paji la uso."

Joakim aliitazama chupa. Aliitazama shuka upande ule wa kitanda, iliyokuwa imekakamaa kwa dawa kama turubai. Halafu akaketi pale pale alipokuwa Rosina.

"Unamkalia mtoto," Tadea akasema.

Joakim hakusogea. Alikuwa ameshamwinua Romanus kutoka ukutani, na kichwa cha mtoto kililala begani mwake kikiwaka kama jiko.

"Tadea," akasema taratibu. "Rosina tulimzika mwezi wa kwanza. Huyu hajapakwa hata tone."