Mvua Iliyoosha Chokaa

Mti wenye chokaa haukatwi, ndiyo ilikuwa kanuni. Lakini mvua ilikuwa imeosha chokaa yote, na bustani nzima ya watoto ilisimama uchi mbele ya msumeno.

"Dada, ni ipi inabaki?" fundi akauliza, mashine ikinguruma mkononi.

Dada aliyeulizwa, afisa wa mipango miji, akafungua mdomo. Mkandarasi, mjomba wake aliyemlea, akamwahi sikioni: "Mwanangu, sema hakuna. Nyumba zangu zinataka nafasi. Usinivue nguo mbele za watu."

Afisa akausogelea mti mmoja. Kwenye ufa wa gome palisalia weupe, mwembamba kama uzi. Akavua kilemba chake cheupe, akaufunga mti nacho.

"Huu."

Mjomba akacheka. "Na mingine? Una vilemba vingapi?"

Fundi akazima msumeno, akaanza kuvua fulana yake nyeupe.