Sahani Yenye Plasta

Mizani ilisema kilo arobaini na moja. Verdiane akamwangalia Mama Nyiramana, muuza maziwa, akishuka polepole, kisha akamgeukia Papa Habumugisha, mkuu wa farmasia.

"Andika vidonge viwili kila mangaribi," alisema Papa.

"Kwa kilo arobaini na moja, Papa? Kimoja njo kinatosha."

"Andika, Verdiane."

Hiyo ilikuwa wiki yake ya sita ya staji katika hospitali ile ya milimani, mbele ya mji mdogo wa Mushaki, akijifunza dawa za magonjwa ya ubongo. Wiki sita bila mtu wa kupiga naye soga. Wauguzi walikuwa na familia zao. Yeye alikuwa na chumba, kitanda na baridi. Mchana alikula bugali wake amesimama dirishani, peke yake.

Angekula na mkuu wake, lakini mzee yule alijiona. Saa sita kamili alijifungia ofisini na sahani yake ya bati, aliyoibandika plasta pembeni isije ikachanganywa na za wengine. Pikipiki hapandi, hata mvua inyeshe vipi. Ngazi ya rafu za juu alimwachia Verdiane. Wafanyakazi walimwita Bwana Mkubwa, akiwa hayupo bila shaka.

Kufundisha, hata hivyo, alijua. Siku ya kwanza wodini alimwonyesha mwanamke mwenye kifafa akila peke yake, ndugu zake wakichota kwenye bakuli moja kule pembeni.

"Wanaogopa mate yake," alisema. "Kifafa haiambukize. Wambie kila siku, hata kama hawasikie." Kisha akaongeza: "Na mugonjwa hajionake wakati anaanguka. Utafute mwenye alimuona."

Sasa Verdiane akamwuliza Mama Nyiramana kifafa chake huanzaje.

"Mukono wa kushoto njo inaanza kutetemeka," mama alijibu upesi. "Kisha kinywa inapinda, macho inageuka juu."

"Na nani alikuona, Mama?"

"Niko naishi peke yangu." Mama akakumbatia kopo lake la maziwa na kutazama sakafu.

Verdiane akaandika vidonge viwili, akatia sahihi. Mama akapokea pakiti, akamfuata Papa ofisini kumwachia maziwa yake, kama kila Alhamisi.

Dakika tano hazikupita, woga ukamshinda Verdiane. Dozi ile ingemlaza bibi yule asiamke tena, na sahihi ni yake. Akatoka mbio, akamkuta getini.

"Mama, unirudishie ile dawa! Iko mingi, itakuua!"

Mama Nyiramana akakunjua kitenge, akainamisha na kopo. Hakuna kitu.

"Niliiacha kwa meza ya Papa," alinong'ona. "Usiseme kwa watu, mwanangu. Ataishia wapi?"

Basi ndivyo ilivyo, Verdiane aliwaza, damu ikimchemka. Mzee mwenye majivuno yake yote, mwizi wa dawa za maskini! Leo atamwambia usoni, hata kama staji itaishia hapo. Akapita ua kwa hatua ndefu, akausukuma mlango wa ofisi bila kupiga hodi.

Maziwa yalikuwa yamemwagika. Papa Habumugisha alikuwa sakafuni, mkono wa kushoto ukitetemeka, kinywa kimepinda, macho yamegeuka juu.

Verdiane akamlaza ubavu, akavua koti lake jeupe la kazi, akalikunja na kuliweka chini ya kichwa chake. Kisha akaenda kufunga mlango kwa ufunguo.

Mzee alipozinduka, Verdiane alikuwa ameketi kando yake sakafuni, sahani yenye plasta mapajani, anakula.