Mbega Aliyeuchoka Ukungu

Kule mlimani, kwenye mierezi isiyopukutika kwa kuwa ukungu huinywesha mwaka mzima, aliishi Mbega, bingwa wa kulalamika.

"Baridi hii itaniua!" alifoka, matone yakimdondokea mgongoni.

Tai akamjibu kutoka juu, asionekane. "Pole, mjomba. Ukungu hunaswa na majani ya kileleni. Yang'oe, ukungu utajiendea, nawe jua likuone."

"Mume wangu," mkewe akanong'ona, "tangu lini Tai akatuonea huruma?"

"Nyamaza! Wewe umezoea kuloa."

Mkewe akahamia mwerezi wa pili. Mbega akavunja vitawi mpaka kilele kikabaki kipara. Ukungu ukaja, ukakosa pa kushika, ukapita. Jua likamwagika. Mbega akajinyoosha tawini, akafumba macho kwa raha.

Mara joto likakatika mgongoni. Akafumbua macho, kivuli kilikuwa kinamshukia.

"Bibi Tai! Si ulisema jua ndilo litakaloniona?"

"Limekuona, mjomba," Tai akasema, kucha wazi. "Mimi na jua tunakaa nyumba moja."

Mkewe aliyasikia hayo akiwa ndani ya ukungu, ameloa chapachapa, na yu hai.