Shimo Lenye Kina Kuliko Yote

Jirani anadai mdogo wake amepita juu ya shimo la bahari lenye kina kuliko mahali pote duniani. Tangu ateremke melini juzi hali wala halali, kazi kulitaja hilo shimo tu.

"Eti mlima mrefu kuliko yote ukitumbukizwa humo, hata ncha haionekani," jirani alisema, kichwa chake kikiwa magotini pa msusi.

"Nani aliyeutumbukiza akaona?" Msusi alivuta msuko mpaka jirani akafumba jicho. Saluni nzima ikacheka.

Msusi hakuwa na hamu na mabaharia. Mumewe alikuwa mpishi wa meli hiyo hiyo, na simu zake zilikatika tangu kabla ya mvua. Mwanamume akinyamaza kwako, kuna anayemsikiliza kwingine. Nguo za mumewe zilikuwa tayari kwenye mfuko, apewe fundi viatu wa barazani.

"Jana nilimuuliza mdogo wako, mwenzio mmemwacha bandari gani, kwa mwanamke gani? Akaanza habari za shimo. Wanaume hufichiana kama paka anavyofukia kinyesi chake."

"Shoga, vumilia."

"Nivumilie mpaka wazae?"

Mlango ukafunguliwa. Baharia mwenyewe, kofia mkononi, akasimama karibu na ndoo ya maji ya kuoshea nywele.

"Karibu, mtaalamu wa mashimo," msusi alisema bila kuinua uso. "Leo umeleta lipi?"

"Ni lile lile, shemeji."

"Haya, tusomeshe. Si unaona wanafunzi wako?"

Wanawake wakabana vicheko.

"Tulipofika pale, nahodha aliamuru injini zizimwe," akasema. "Tukajipanga wote juu ya sitaha, kofia mikononi."

"Kutazama maji! Wanaume wazima na ndevu zenu, mmepanga foleni mnakodolea maji!"

"Ndiyo, shemeji."

"Mkaona nini?"

"Hakuna kinachoonekana. Meusi tu."

"Basi huo urefu wake unaojitapia umeujuaje? Ulishuka?"

Baharia aliigeuza kofia yake, akaigeuza tena.

"Mimi sikushuka," akasema. "Tulimshusha mumeo."

Vidole vya msusi vilikuwa bado vinasuka.

"Shemeji, naomba uache hicho kichwa kwanza."